Keekee Aliyebaki Mlimani

Wazee wetu, mama zetu, majirani, na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kukaa nasi chini ya turubai hili, poleni, na asanteni kwa kufika. Familia imemkabidhi shemeji wa marehemu kazi ya kusoma historia hii, si kwa sababu anajua kusoma kuliko wengine, bali kwa sababu watoto wa marehemu wakifika mstari wa pili wanalia, na dada yetu, mjane, amekataa katakata. Historia yenyewe imeandikwa na binti yake mkubwa, na ndani yake mna sehemu moja iliyowekwa kwa agizo la marehemu mwenyewe, kwa hiyo tunaomba utulivu, na tunaomba mtu asiondoke kabla hatujafika mwisho.

Marehemu, ambaye karibu sote hapa tulimjua kwa jina la Keekee, alizaliwa tarehe 3 Machi 1961, akiwa mtoto wa nne wa mchimba visima na mkewe, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya stesheni ya reli, ambako treni ikipita sufuria zilicheza kwenye rafu. Baba yake alikuwa mtu wa kushuka chini asubuhi na kupanda jioni, na marehemu alipenda kusimulia kwamba alijua harufu ya udongo mbichi kabla hajajua harufu ya sabuni, jambo ambalo mama yake, alipokuwa hai, hakulikanusha.

Alisoma shule ya msingi kuanzia Januari 1969 hadi Novemba 1975, akawa mtulivu darasani na mwepesi wa hesabu, kisha akajiunga na shule ya ufundi mwaka 1976, akahitimu Desemba 1978 katika fani ya mitambo. Tarehe 1 Juni 1979 aliajiriwa katika idara ya maji, kwenye kikosi cha kuchoronga visima, na huko ndiko wenzake walikompa jina la Keekee, kile chuma cha kutobolea, kwa maana akishaanza jambo hakujua kulizunguka, alizama nalo moja kwa moja hadi litoboke au yeye avunjike.

Mwaka 1988 kikosi hicho kilikuja nyumbani kwa wazazi wetu kutuchimbia kisima, wakatoboa wiki nzima, maji wasipate hata ya kunawa, lakini Keekee akampata dada yetu, aliyekuwa na cherehani yake kibarazani, na walifunga ndoa tarehe 20 Agosti mwaka huohuo. Baba yetu mpaka anaingia kaburini alikuwa akisema kwamba katika mashimo yote yaliyowahi kuchimbwa nchini, lile ndilo lililomgharimu zaidi. Mungu aliwajalia watoto watatu, binti aliyezaliwa 1990, ambaye sasa ni muuguzi, mtoto wa kiume aliyezaliwa 1993, ambaye ni dereva wa lori, na kitinda mimba aliyezaliwa 1999, ambaye mnamwona pale akigawa maji, anafanana na baba yake mpaka inauma kumtazama.

Alipunguzwa kazi idara ya maji tarehe 31 Desemba 1998, akahangaika na vibarua, na tarehe 12 Februari 2001 akapata kazi katika ile kampuni ndogo ya kutafuta almasi na madini mengine, ambayo wengi wenu mnaikumbuka, kampuni ya magari mawili, mashine moja ya kuchoronga, mahema, na mtaalamu wa miamba ambaye alikuwa bado binti mbichi, tuliyembatiza Bi Nyundo kwa kuwa nyundo yake hakuiacha hata akienda kula. Alimwita marehemu Baba, naye marehemu akamwita mwanangu, na walielewana vizuri, kwa sababu wote wawili walikuwa watu wa kutazama chini wanapotembea.

Katika masika ya 2003 lori la kampuni lilikuwa likizama kila siku kwenye tope la njia ya kupandia mlimani, kazi ikasimama, na ni marehemu aliyetoa wazo kwamba wakasombe changarawe kutoka kwenye malundo ya machimbo ya kale ya almasi yaliyoachwa ng'ambo ya bonde, mwendo wa siku nzima kwenda na kurudi, kwa kuwa changarawe ile ilikuwa ngumu, hailowani, na haina mwenyewe. Lilikuwa wazo zuri, kila mtu alilisifu, wakubwa wa kampuni wakamfanya msimamizi wa barabara, na ilipokamilika tarehe 30 Mei alikuwa akiifagia mawe makubwa kwa mkono wake kama mtu anayefagia ukumbi wa harusi. Ndiyo barabara hiyohiyo mliyopanda leo kuja msibani.

Mvua nyingine zilipofika, vijana wa sampuli waliingia kwenye kijito kilicho chini ya mlima kuosha mchanga, na tarehe 9 Desemba 2003 marehemu, aliyekuwa amekwenda tu kuwapelekea chai, alishika karai akaosha kidogo kwa kujifurahisha, akaona chembe nyekundu zimebaki chini, ndogo kama mbegu za mchicha. Kwa wanaotafuta almasi dalili ya mvua ni mawingu, kwani chembe za namna ile hupanda kutoka chini kabisa ya ardhi pamoja na almasi, na ukizikuta kijitoni unapanda nazo juu kutafuta zilikotoka, na juu ya kijito kile kulikuwa na mlima huu. Bi Nyundo alimkumbatia mbele ya vijana wote, wakubwa wakaja, na kuanzia Februari 2004 mashine ikaanza kuuchoronga mlima, shimo baada ya shimo.

Hapo ndipo marehemu alipofungua kinywa, na atakayesema hakumsikia atakuwa alikuwa mbali. Alimwambia kila aliyemjua kwamba mgodi utafunguliwa hapa, na kwamba anayewahi ndiye atakayepata mahali pa kujenga, na kwa kuwa hakuwahi kumdanganya mtu, watu walimwamini, akaja mama wa mgahawa na masufuria yake, akaja fundi baiskeli, wakaja ndugu, na Januari 2005 akaja hata shemeji huyu anayewasomea, na mke na mizigo, akiwa ameacha duka lililokuwa likienda vizuri tu. Kambi ikawa kijiji, na kijiji kikapata shule, na sote tukakaa kuutazama mlima kama watu wanaosubiri chungu kichemke.

Mashimo hayakutoa kitu, yalitoa mwamba wa kijivu tu, ukapangwa kwenye masanduku, masanduku yakajaa banda, na kila mara tuliambiwa shimo lijalo. Historia ya kazi yake ndani ya kampuni inaishia tarehe 30 Septemba 2006, kampuni ilipong'oa mahema na kutangaza kwamba utafiti umesitishwa, ikamwacha marehemu awe mlinzi wa banda la masanduku, na tulipomuuliza, alitujibu kwamba watarudi. Tulimuuliza mwaka uliofuata, akajibu watarudi. Kisha akaanza kuuchimba mlima mwenyewe, kwa sururu na patasi, akivunja mwamba mkavu mchana kutwa, na sisi tukasema, angalieni, mtoboaji mzoefu hawezi kujitesa hivi kama hakuna kitu, tukaongeza vyumba, tukawaambia watoto kwamba subira yavuta heri.

Dada yetu hakuvumilia vizuri, na binti yake ameomba hilo lisemwe bila kupambwa. Alimwambia mumewe kwamba amelogwa na mlima, mara mbili alifunga nguo akaondoka na mara mbili akarudi, alimsihi warudi walikotoka kwa ajili ya watoto, naye Keekee alikuwa akimsikiliza mpaka mwisho, anamjibu kwa upole kwamba hawezi kuondoka kabla ya wengine, kisha anachukua sururu yake. Alidhani mumewe ana tamaa, akamnunia miaka mingi kwa kosa ambalo hakuwa nalo.

Kikohozi kilimwanza mwaka 2015, akakiita mafua, kikamkondesha akakiita uzee, na tarehe 18 Juni 2019 picha ya kifua ilionyesha kwamba vumbi la mawe limeyafanya mapafu yake kuwa magumu, na daktari akasema, kwa huruma lakini bila kuficha, kwamba hali hiyo hairudi nyuma. Miaka ya mwisho alitembea kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha mlangoni, akakaa akiwatazama watu wakipita na ndoo zao, na aliyemsalimia alimwuliza mlima unasemaje, naye akatabasamu tu. Tarehe 2 Aprili 2024 alilazwa katika hospitali ya mjini, na tarehe 5 Mei, akipumua kwa mashine, alimwita binti yake akamwambia neno ambalo ameagiza lisomwe mbele yenu wote akiwa bado juu ya ardhi, asionekane amekimbia.

Anasema hivi, na hapa tunayafuata maneno yake. Mlima hauna kitu. Mwezi Agosti 2006, baada ya mvua isiyo ya msimu, Bi Nyundo alikuwa akishuka kwa miguu, akaona chembe nyekundu kwenye alama ya gurudumu, akachota changarawe ya barabara, akaiosha, na zikajaa karai. Akamwita marehemu hemani, akamwekea chembe za barabara kiganja cha kulia na za kijitoni kiganja cha kushoto, akamwomba amwonyeshe tofauti, naye hakuiona, kwa sababu haikuwapo. Dalili tuliyoifuata miaka ile yote ilitoka kwenye machimbo ya kale ng'ambo ya bonde, ililetwa na lori, ikamwagwa na kusawazishwa na Keekee mwenyewe, mvua ikaiosha ikaiteremsha kijitoni, na Keekee mwenyewe akaiokota akashangilia. Bi Nyundo alilia, akasema kosa ni lake aliyekubali kuosha mchanga chini ya barabara bila kuosha wa juu yake, na wakubwa wakafunga kazi, wasipende kueleza jambo ambalo lingewachekesha wenzao wa mjini.

Anasema jioni ileile alitoka hemani akiwa amekusudia kutuambia, akamkuta mama wa mgahawa anapaka chokaa chumba cha pili, amefurahi, akamwuliza kama rangi inapendeza, naye akasema inapendeza. Akajiambia kesho. Kesho ikazaa kesho, neno likaota mizizi kooni, na akaona kwamba kwa kuwa ndiye aliyetuita, wajibu wake ni mmoja tu, kutokuwa wa kwanza kuondoka. Akachimba kwa sababu akikaa bure tungemuuliza, na kila alipotuona tumeongeza tofali alitamani mlima umwangukie. Anaomba msamaha. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao, naye alitulisha sote, bila kujua kwanza, na kisha akijua.

Msomaji alilisoma hili kwa mara ya kwanza jana mchana, hapo jikoni kwa dada yake, na hatawaficha kwamba alikasirika, alitoka nje akapiga teke ndoo ya watu, na mpaka sasa bado ana hasira, maana duka lake alilifunga kwa neno la mtu huyu, na kijana wake wa kwanza alikua hapa bila kazi ya kufanya. Lakini hakumpenda mtu katika ukoo wa shemeji zake kama alivyompenda Keekee, na hasira haikuondoa hilo, ndiyo taabu yenyewe.

Marehemu alifariki Jumanne tarehe 14 Mei 2024, saa nne asubuhi, mke wake akiwa amemshika mkono, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu, ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu wanne. Aliomba azikwe hapahapa, upande wa juu wa barabara, ambako changarawe ile haikufika, na kaburi limechimbwa asubuhi ya leo. Walipofika chini, dada yetu, aliyekwisha kusomewa maneno hayo jana, alikwenda na karai, akaomba ajaziwe udongo wa mwisho, akaushusha kijitoni, akauosha kama mumewe alivyomfundisha siku za furaha, taratibu, akizungusha na kumwaga, na sisi tukasimama nyuma yake tusithubutu kusogea. Alitazama muda mrefu. Hapakuwa na kitu, hata chembe moja, akageuka akasema kumbe ni kweli, kisha akasema kwa nini hakuniambia, tungeubeba wawili, na hapo akakaa chini kwenye maji na nguo zake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka ingawa walijua mwisho wake, wafanyakazi wenzake wa zamani wa idara ya maji waliokuja na gari lao, na Bi Nyundo, ambaye ameketi pale nyuma na kitambaa cheusi, amesafiri siku mbili, tunawaomba asitamkiwe neno baya, kwani alimtumia marehemu ujumbe kila mwaka kumsihi aseme. Tunawashukuru kwa namna ya pekee nyinyi majirani, mliomletea uji na kuni na kumbeba mpaka barabarani, na ambao sasa mmejua mlikuwa mkimbeba nani, kama yupo mwenye kushindwa kutupa udongo leo, familia haitamlaumu.

Kwetu agizo lake la mwisho ni fupi, kwamba mkishamaliza kumzika msikae tena kusubiri, mwenye kwao arudi kwao, mwenye nguvu akaanze kwingine, na wasio na pa kwenda, ambao ni wengi, na msomaji ni mmojawao, wasidanganywe tena. Keekee, uliahidi hutaondoka kabla ya yeyote uliyemwita, na ahadi hiyo umeitimiza. Lala salama, shemeji, hakuna atakayekuuliza tena mlima unasemaje.