Aliyewasihi Majirani Wafunge Valvu

Ndugu waombolezaji, baba yangu Qu Shaotang alizaliwa siku ya Jumatatu tarehe 9 Januari 1956, saa kumi na moja alfajiri, katika kijiji kimoja cha wilaya ya Huachuan, mtoto wa tatu na wa mwisho wa Mzee Qu Delin na mkewe, juu ya kitanda cha udongo kilichopashwa kwa moto wa mabua ya mahindi, na bibi alikuwa akisimulia kwamba asubuhi hiyo maji ya ndoo yaliganda mle mle chumbani.

Alianza shule ya msingi kijijini mwaka 1964, akamaliza sekondari mwaka 1974, akalima, na tarehe 1 Machi 1976 akaajiriwa hapa mjini Jiamusi katika kiwanda kinachosambaza maji ya moto kwa mabomba ili kupasha nyumba joto, akianza kwa kutia makaa kwenye boila hadi akawa msimamizi wa zamu, mpaka alipostaafu mwaka 2016.

Alifunga ndoa na mama, Pang Yuqin, tarehe 1 Oktoba 1987, wakajaliwa mtoto mmoja, mimi Qu Ninghe, mwaka 1996. Mama alifariki mwaka 2011, na tangu hapo baba aliishi peke yake ghorofa ya tatu, kati ya Shangazi Tong aliye juu yake na Mzee Miao aliye chini, ambao wote wapo hapa leo.

Wengi mnakumbuka kwamba zamani joto la majumbani halikuwa na pa kulipunguzia, mtu akitokwa jasho katikati ya Januari alifungua dirisha, na baba, aliyekuwa ametia yale makaa kwa mikono yake, alisimama uani akipaza sauti, "Jamani, mnalipasha joto anga! Anga halina mafua!" Kwa hiyo mwaka 2014, ulipokuja mpango wa kuweka katika kila nyumba valvu za kupunguza na kuongeza joto, na mita ili mtu alipie lile analotumia tu, alipanda ngazi za jengo zima kuwashawishi watu, Shangazi Tong akamwambia, "Fundi Qu, hilo dude lako likiniletea baridi, utanioa wewe," naye akajibu, "Dada Tong, basi nitahakikisha halileti," wakacheka, na kabla ya Oktoba kwisha valvu zilikuwa zimefungwa ukutani kote.

Aliwafundisha kuzitumia, chumba cha kulala namba mbili, sebuleni tatu, nguo zisianikwe juu ya valvu kwa sababu itadhani chumba kizima kimepata joto, na nyumba ikibaki bila mtu iachwe kwenye alama ya theluji, iliyo chini ya namba moja, ili maji yasigande na mabomba yasipasuke.

Novemba 2019 aligundulika kuwa na ugonjwa sugu wa mapafu, na daktari akaagiza chumba chake kisipungue nyuzi ishirini. Kufikia wakati huo Mzee Miao alikwisha kugundua kwamba mtu akiwa na jirani mwenye joto hana haja ya joto lake mwenyewe, akafunga valvu zake, kisha Shangazi Tong akafunga zake, na kwenye ngazi ikawa mzaha, "Fundi Qu, wewe ndiye jiko letu, usizimike!" Baba aliweka zake zote kwenye tano, namba ya juu kabisa, lakini joto lilipita darini na sakafuni, na kipimajoto nilichomnunulia kilisoma kumi na tano.

Desemba iliyopita nilipokuja likizo tulipanda pamoja kwa Shangazi Tong, baba akipumzika kila baada ya ngazi chache, akamwambia, "Dada Tong, fungua walau hadi mbili, kifua kinanibana," naye akajibu, "Si wewe uliyesema tusipoteze joto? Mimi mwanafunzi wako!" Tuliposhuka kwa Mzee Miao, tuliambiwa, "Vaa koti la pili, Fundi, mbona zamani tulivaa?" Baba alirudi, akaketi na koti lake, akaniambia, "Wamefaulu wote."

Tarehe 8 Januari 2024 alilazwa kwa nimonia, na tarehe 17, saa tisa alasiri, akafariki akiwa na umri wa miaka sitini na minane. Daktari aliandika mapafu, hakuandika baridi, nami sitaandika asichoandika yeye.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliomweka katika wodi yenye joto, ambako alivua koti kwa mara ya kwanza tangu Novemba, nawashukuru wafanyakazi wenzake wa zamu ya usiku waliolibeba jeneza, na Shangazi Tong aliyenishonea kitambaa hiki cheusi cha mkononi bila kuombwa. Majirani wote nawashukuru kwamba mlimsikiliza, aliwasihi mfunge valvu, nanyi mkafunga, kwanza ukutani, kisha kabisa.

Jana asubuhi, kabla ya kwenda kuchukua picha hii mnayoiona, niliingia nyumbani kwake, nikazikuta valvu zake zote nne bado zipo kwenye tano, nikazirudisha moja moja hadi alama ya theluji, kama alivyofundisha kwa nyumba isiyo na mtu. Aliyeanza kusikia ubaridi sakafuni au darini, valvu yake anayo, na kuifungua anajua.

Pumzika penye joto, Baba.