Alhamisi za Sista Mwongeli

Leo Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025, Sista Mwongeli Kimanzi anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi minne katika zahanati yetu ya Gatwekera, Kibera. Nimeombwa niandike wasifu huu kwa kuwa mimi ndiye afisa wa takwimu, eti ninajua kila kitu. Haki ya Mungu, kama si yeye, takwimu zangu zingetuaibisha.

Alitoka Machakos Julai 1994, muuguzi kijana, wakati zahanati ilikuwa vyumba viwili vya mabati na kitanda kimoja. Watoto aliowapokea mikononi sasa wanamletea watoto wao wapate chanjo. Kalamu zake zote amezifunga mezani kwa bandeji, maana husema Kibera nzima inaandikia kalamu za zahanati. Kila mwisho wa mwezi hutupikia muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe. Daktari Collins aliwahi kumaliza sahani tatu, akasinzia mbele ya wafadhili. Na tulipoletewa tableti ya kuwekea rekodi, Sista aliibatiza Mkwe, kwa sababu kwao mkwe huheshimiwa kwa mbali. Ilimchukua miezi miwili kuigusa.

Lakini kazi yake kubwa ni kliniki ya Alhamisi, ya watu wanaoishi na maumivu yasiyokwisha ya mgongo, magoti na viungo. Wafadhili waliikubali kwa sharti kwamba tuonyeshe wagonjwa wanapata nafuu, si kuhesabu tu waliohudhuria. Mimi Kagiri, mtoto wa Kawangware na shahada yangu mpya, nikatengeneza fomu: mgonjwa ataje maumivu yake kati ya sifuri na kumi. Karibu wote walisema tatu. Baada ya miezi sita, bado tatu. Nikaandika ripoti kwamba kliniki haisaidii, na kikao cha kuifunga kikapangwa.

Sista hakubishana nami. Alienda kukaa kwenye benchi la wagonjwa asubuhi nzima, akitafuna njugu na kupiga gumzo. Huko ndiko alikoupata ukweli. Hapo mwanzo, waliosema nane au tisa tuliwapeleka hospitali kubwa, na kwenda huko ni kupoteza kibarua cha siku nzima. Basi habari zikaenea mpaka mtaa wa jirani wa Kisumu Ndogo: ukiingia kwa wale, we sema tatu, utapewa dawa urudi job. Seline Nasipwondi, anayefulia watu nguo kwenye maghorofa ya Soweto East, alikuwa ametuambia tatu ilhali hawezi kuinama afunge viatu.

Sista akaja mezani kwangu na ile fomu.

"Kagiri, mwenye kovu usidhani kapoa," akasema. "Acha kuwauliza namba. Waulize ni kazi gani imewashinda."

Nilikasirika, nakiri, shahada ilikuwa imenipanda kichwani. Hata hivyo tuliketi, yeye akisema, mimi nikiandika. Jana uliweza kuinua mtungi wa lita ishirini? Usiku uliamshwa na maumivu mara ngapi? Wiki hii umekosa kibarua siku ngapi? Tena tukaahidi kwamba hakuna atakayepelekwa hospitali bila kukubaliana naye siku ya kwenda.

Matokeo ya kwanza yalitutia hofu, kwa kuwa robo tatu ya wagonjwa hawakuweza kuinua mtungi. Sista akawakabili wafadhili, akaomba kikao kiahirishwe miezi sita, akapewa. Fomu ikaanza kutuonyesha njia. Waliofanya mazoezi kwa kikundi walikuwa wakilala vizuri kuliko waliotegemea vidonge pekee, kwa hiyo tukaongeza mazoezi. Asiyepata nafuu aliitwa mapema abadilishiwe matibabu. Kikao kilipofika, zaidi ya nusu walikuwa wakiinua mtungi wenyewe. Kliniki haikufungwa, na mwezi Januari kliniki nyingine itafunguliwa Kawangware chini ya Sista Tabby, aliyefunzwa na Mwongeli. Mimi nimefurahi kupita kiasi, maana huko ndiko kwetu.

Jana ilikuwa Alhamisi yake ya mwisho. Tulinunua keki, tukapanga viti uani, na Seline alikuwa atoe shukrani kwa niaba ya wagonjwa wenzake. Tulimngoja mpaka saa sita, hakutokea. Nikampigia simu. Akaomba radhi sana, akasema amepata kazi ya kufua siku tano kwa wiki na tajiri hajampa ruhusa. Nilipomweleza Sista, alichukua rejista, na mbele ya jina la Seline akaandika kwa mkono wake: Hakuja, yuko kazini. Kisha akalia, nasi tukalia naye.

Ahsante, Sista, kwa kutuvumilia, mimi hasa. Ukapumzike Machakos, Mungu akupe mvua ya kutosha, magoti yenye nguvu na usingizi mtamu. Usiwe na wasiwasi nasi: Alhamisi ijayo, saa mbili asubuhi, mlango utakuwa wazi.