Dada Yetu, Mama wa Jitu Oga

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mliofika, familia imenipa mimi, mdogo wake wa kiume, kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu. Shemeji alisema nipewe mimi kwa sababu siku hizi nimejua kusoma kwa sauti. Ni kweli, ila nimejifunza juzi tu, nikiwa na miaka sitini na mitano, na aliyenifundisha ni huyu tunayemsindikiza.

Marehemu alizaliwa Ijumaa tarehe 9 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko, akiwa mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na mkewe. Mimi nilifuata miaka mitatu baadaye, na baada yangu mama alisema basi, tumbo lililobeba mtoto mkubwa kiasi kile limestahili likizo. Tukabaki wawili: yeye mwembamba mwenye maneno, mimi bonge la mtoto ninayeogopa kuku. Naomba msicheke bado. Jogoo wa jirani alinirukia usoni nikiwa na miaka minne, na tangu siku hiyo nikiona kuku, hata wa kuchorwa, natafuta mlango wa kutokea.

Alianza shule ya msingi Januari 1958. Akiwa darasa la tatu alinyoosha mkono akamwambia mwalimu kwamba neno moja ubaoni limekosa herufi. Mwalimu akamwita mbele aandike yeye, akitarajia ataumbuka. Aliandika, kisha akasahihisha na sentensi iliyofuata. Jioni mwalimu alipobisha hodi nyumbani, baba alidhani amekuja kushtaki, akaanza kuomba radhi mlangoni. "Sijaja kwa ugomvi, mzee," mwalimu alisema. "Nimekuja kukuomba usije ukamtoa shule huyu." Alimaliza kidato cha nne mwaka 1968.

Tarehe 3 Februari 1969 aliajiriwa kuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji, na alifanya kazi hiyo miaka thelathini na saba, katika chumba cha juu chenye meza mbili zinazotazamana na kitasa cha mlango kilichojaa wino. Mwenzake alisoma maandishi ya mwandishi kwa sauti, pamoja na alama zote, "mkato, nukta, fungua usemi, funga usemi", naye akifuata kwenye karatasi ya majaribio akitafuta makosa. Wenzake walimwita Kalamu Nyekundu. Ukimletea kadi ya mwaliko wa harusi, alikurudishia imesahihishwa, halafu harusini akaja na zawadi nzuri kuliko wote.

Jumamosi tarehe 16 Agosti 1975 alifunga ndoa na mpeleka barua wa posta aliyekuwa akifika kiwandani kila siku saa sita badala ya saa tatu. "Anachelewa," dada alimwambia mama, "lakini hajapoteza barua hata moja." Walijaliwa mabinti wawili.

Ni kwa ajili ya mabinti hao alianza kuandika, nyuma ya karatasi za majaribio zilizoharibika, hadithi ya msichana anayeshuka kisimani kufuata ndoo yake na kukuta mji mzima huko chini. Kitabu hicho, Mji wa Chini ya Kisima, kilitoka mwaka 1988 na kimechapwa mara sita. Wengi wenu hapa mlikuwa watoto wakati huo na mnawajua watu wake kama majirani zenu. Yumo Malkia Mwiko, anayeamuru jeshi la masufuria na kusahau vita ni vya nini. Yumo Konokono wa Posta, ambaye barua zake hufika mwaka unaofuata, siku ileile zinapohitajika. Mama alijitambua ukurasa wa kumi. "Huyu ni mimi," alisema, "lakini angalau amenivika taji." Shemeji alijiita Konokono mpaka siku aliyostaafu, na alilitamka jina hilo kwa fahari.

Na limo Jitu Oga. Mimi ni fundi seremala, na sura ya kwanza ilisomwa karakanani kwangu na mteja aliyekuja kuchukua mlango wake. "Jitu lilikuwa kubwa kama mlango wa ghala, nalo liliogopa kuku." Karakana nzima ilishika mbavu. Haikupita wiki, watoto wa mtaa wakawa wananifuata njiani wakitetea kama mitetea. Nilikifunga kitabu changu, alichonipa dada, sikukifungua tena. Kila kilipochapwa upya dada aliniletea nakala, na kila mara aliuliza, "Umefika ukurasa wa ngapi?" Nami nilijibu, "Dada, nina kazi nyingi." Ile nakala ya kwanza niliiingiza chini ya meza yangu ya kazi, kwenye mguu uliokuwa mfupi. Kwa miaka thelathini na moja nilifika kwake, nikasalimia, nikaondoka bila kunywa hata maji. Kilikuwa kinyongo, nasema wazi mbele ya watu. Niliamini ameniumbua mbele ya nchi nzima, na kilichouma zaidi ni kwamba aliyoyaandika yalikuwa kweli.

Aligundulika kuwa na kisukari mwaka 2011. Mwaka 2017 macho yake yalizimika, na Septemba mwaka huu wa 2019 figo zikachoka, akalazwa wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani. Jumapili tarehe 3 Novemba nilikwenda kumjulia hali. Nilikuwa nimepanga kukaa dakika kumi.

"Ni wewe?" aliuliza kabla sijafika kitandani. "Sakafu imetikisika."

"Ni mimi. Shikamoo, dada."

"Marahaba. Kesho njoo na kitabu chako, unisomee."

"Si wasichana wako wanakusomea?"

"Wanasoma kama watu wanaokimbilia basi. Wewe huna haraka. Miaka thelathini na moja hujafika ukurasa wa pili."

Jamani, alijua siku zote. Nilirudi karakanani, nikanyanyua meza, nikakitoa kitabu, nikakipuliza vumbi la mbao. Kesho yake alikinusa, akasema kinanuka gundi. Kisha akaniagiza nisome kama walivyosoma kiwandani, na alama zote. Basi kwa siku kumi nilikaa juu ya kiti cha plastiki, mtu mzima na mwili wangu huu, nikisema "mkato" na "nukta", huku wagonjwa wa vitanda vya jirani wakininyamazishia wageni wao. Nikiruka neno aliinua kidole, nami nikarudia.

Jumatano tarehe 13 tulifika sura ya mwisho. Msichana ameteguka mguu, na njia ya kurudi juu inakatiza katikati ya ua wenye kuku elfu moja, kila mmoja mrefu kuliko mtu. Malkia amesahau njia. Konokono bado yuko mbali. Jitu linalia machozi, halafu linachuchumaa. Nikasoma: "Fungua usemi. Woga wangu ni mkubwa, mkato, lakini wewe huwezi kutembea, nukta. Panda mgongoni, mkato, unishike masikio, nukta. Funga usemi."

Hapo nilikishusha kitabu magotini. Mwaka 1965 dada aliteguka kifundo nyuma ya nyumba ya mfuga kuku, na hapakuwa na mtu mzima karibu. Njia ya zahanati ilipita ndani ya ua ule. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilimpandisha mgongoni nikapita naye katikati ya kuku nikilia kwa sauti, na watoto waliokuwa wameegemea ukuta walicheka mpaka wakakaa chini. Mimi katika siku ile nilibaki na kicheko tu. Yeye alibaki na kubebwa.

"Mbona umeacha kusoma?" aliuliza.

"Dada, nisamehe. Sikujua kwamba jitu ndilo linalomwokoa."

"Ungejuaje, na kitabu kiko chini ya meza?"

"Nani amekwambia?"

"Mkeo. Tangu chapa ya kwanza."

"Na hukunikasirikia?"

"Nilikasirika, kwa nini nisikasirike? Chapa ya kwanza mpaka ya tatu nilikuwa nakusema kila siku, muulize shemeji yako. Ya nne nikachoka, nikabaki nakungoja tu. Nimekusamehe zamani. Sasa maliza, bado mistari sita."

Niliimaliza. Aliomba maji, akaniambia na mimi ninywe, nikanywa. Kisha alilala bila kuugulia, mara ya kwanza wiki ile. Kesho yake, Alhamisi tarehe 14 Novemba 2019, saa nne asubuhi, alifariki kimya, mume wake akiwa ameshika mkono mmoja na mabinti wameshika wa pili.

Mnanipa pole, nami nazipokea, maana uchungu upo. Lakini sitawaficha, nimeshusha pumzi. Maumivu yake yamekwisha, na mimi nimetua mzigo nilioubeba bure. Hasira hasara. Hasara yangu ni milo ya miaka thelathini na moja ambayo sikuila mezani kwake, na hiyo hairudi. Hata hivyo, kawia ufike. Ningechelewa wiki mbili tu, leo ningesimama hapa nikimsifu kwa maneno ya kuazima, na kila mmoja wenu angejua.

Marehemu ameacha mume, mpeleka barua mstaafu, mabinti wawili, wakwe wawili, wajukuu watano, na mdogo wake mmoja, Jitu Oga.

Mola amweke mahali pema penye utulivu. Lala, dada. Tumeagana vizuri.