Raimundi Matimbwa, Aliyeitika "Nakuja"

Ndugu Raimundi Matimbwa, tunayemzika leo Jumapili tarehe 10 Agosti 1958, alizaliwa hapa Lumemo wakati wa mafuriko ya mwaka 1907, mtoto wa kwanza wa Mzee Donati Matimbwa na Mama Konsolata. Siku yenyewe haikuandikwa na mtu. Alibatizwa Ifakara tarehe 8 Desemba 1912, na padri alikadiria umri wake kwa kumtazama meno. Anayewasomea ni mimi Nikodemu, mdogo wake. Sehemu kubwa ya haya nimeyaandika kwa agizo la marehemu mwenyewe, na baadhi yake ningependa asingeniagiza.

Mwaka 1919 aliingia shule ya misheni, akamaliza darasa la nne mwaka 1923. Mwandiko wake ulisifiwa, lakini fimbo alizila nyingi kwa kosa moja. Mtu akiita kule barabarani, Raimundi alisimama akatoka darasani. Mwalimu alimwuliza, "Umeitwa wewe?" Akajibu, "Sijui, mwalimu. Nilikuwa nakwenda kuuliza." Darasa zima lilicheka, lakini nyumbani ndivyo tulivyolelewa. Mama alikuwa akisikia sauti, aliacha mchi ndani ya kinu akaenda, na maswali aliyauliza akishafika.

Mwaka 1926 alianza kujifunza ushonaji kwenye baraza ya duka la Mzee Mwinyimvua, mfanyabiashara aliyetoka pwani, na baada ya miaka mitano alikuwa na cherehani yake. Mashati mengi ninayoyaona mbele yangu yamepita mikononi mwake. Tarehe 4 Juni 1932 alifunga ndoa na Yosefina, na walijaliwa watoto wawili, Kelestini na Klementina. Hatukuwahi kuwasikia wakigombana kwa sauti, ingawa shemeji alilalamika kwamba mumewe alimshonea kila mtu gauni isipokuwa yeye.

Kama nyumba nyingine zote, nyumba ya Raimundi ilihamia bondeni kila msimu kuamia mpunga. Kila familia ilikaa kwenye dungu lake, juu ya miti, kufukuza ndege mchana kutwa. Jua likizama tuliitana, dungu kwa dungu, na kila mmoja alijibu, "Tupo." Asiyejibu alifuatwa. Tena ilikuwepo desturi nyingine, ambayo vijana hawaijui na wazee tunajifanya tumeisahau. Mtu akiita kwa shida, wa kwanza kuitika "Nakuja" ndiye aliyeichukua shida ile. Wengine walinyamaza na kuendelea na kazi zao, kwa sababu shida imeshapata mtu. Neno lile lilikuwa miguu. Siku hizi mtu anaitika "nakuja" huku anavuta kiti akae vizuri, na anayeita naye anajua, hata hamngojei.

Mwaka 1953 Raimundi alinunua gramafoni, ya kwanza upande wetu. Msimu uliofuata alikwenda nayo bondeni. Hatukujali tena kuitana jioni. Tulikusanyika kwake, tukasikiliza sahani za santuri, na tuliona kweli dunia imetufikia. Sitasema uongo mbele ya jeneza: ilikuwa raha.

Jumanne tarehe 18 Mei 1954, jua likizama, Marselino, jirani na rafiki yake tangu utoto, aliita kutoka dungu lake, "Jamani, njooni!" Alikuwa peke yake, kwa sababu mkewe Balbina alikuwa amempeleka mtoto mgonjwa mjini. Raimundi alikuwa akizungusha mkono wa gramafoni. Akainua kichwa, akaitika kwa sauti yake kubwa, "Nakuja!" Kisha akaweka sahani. Mimi nilikuwa pale. Nilimwambia, "Kaka, si umeitwa?" Akasema, "Nguruwe tu hao wamemwingilia mpunga. Iishe hii kwanza." Ilipoisha akaweka nyingine. Mimi nami nikakaa. Melkiori, ambaye dungu lake lilikuwa karibu zaidi na Marselino, alisikia mwito, akasikia na jibu, akaendelea kupika. Hatumlaumu; alifanya kama alivyofundishwa.

Asubuhi tulimkuta Marselino amekufa. Aliumwa na nyoka, kifutu, mguuni. Mpunga ulikuwa umelala chini pale alipojikokota, na ile njia haikuelekea kwa Melkiori, hatua themanini tu kutoka kwake. Ilinyooka kuja kwetu, kwa mtu aliyesema anakuja.

Hakuna aliyemkaripia Raimundi. Nadhani hilo ndilo lililommaliza. Gramafoni hakuigusa tena. Lakini tangu siku ile alisikia akiitwa. Aliacha cherehani katikati ya mshono, mteja amevaa mkono mmoja wa shati, akatoka. Alifika nyumba za watu, akasimama mlangoni: "Mmeniita?" Wakimjibu hapana, aliomba radhi akarudi, na kabla hajafika aligeuka tena. Watoto wengine waliwahi kumwita kwa utani wakajificha. Alikuja kila mara, mpaka wakaona aibu wakaacha. Nyumba moja tu hakuwahi kuifikia, ya Balbina, nayo iko ng'ambo ya kisima chetu.

Kifua kilianza kumsumbua Novemba 1957. Alitibiwa na kuuguzwa vizuri, na tunawashukuru waliomhudumia. Wiki ya mwisho aliniita, akasema, "Nikodemu, mtakaponizika mtasoma kwamba nilikuwa mtu mwema. Soma na ile. Soma Balbina akiwepo." Nilimwambia ni bora amwite mwenyewe. Akasema, "Nimwite mimi? Kwa sauti ipi?" Alifariki nyumbani Jumamosi tarehe 9 Agosti 1958, saa nne asubuhi, ameshika mkono wa Yosefina.

Jana mchana nilikwenda kwa Balbina na karatasi hii, nikamsomea yote, kisha nikamwuliza kama niisome. Alikuwa anapepeta mchele, hakuacha. Alisema, "Shemeji, miaka minne nilimngoja aje. Kila nyumba aliingia akauliza kama ameitwa. Kwangu hakuja, na mimi ndiye niliyekuwa namwita." Akapepeta tena. "Soma. Usipunguze kitu. Msamaha sijui kama ninao. Nikiwa nao, mtausikia hapo kwenye amina."

Marehemu ameacha mjane, Yosefina, watoto wawili, Kelestini na Klementina, wajukuu watatu, na mdogo wake mmoja, ambaye naye alisikia akakaa.

Hapa ndipo msomaji huwaombea wafu, na watu wote huitikia amina kwa pamoja, haraka, wapate kwenda kutupa udongo. Leo ninawaomba tusifanye haraka.

Mungu ampe Raimundi Matimbwa pumziko la amani. Shemeji Balbina, sisi wengine tutanyamaza kwanza.