Prosesa ya Pili na Herufi Tatu Zilizopotea Njia ya Opala

KUKARIBISHA

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkurugenzi wa Mawasiliano wa jimbo letu. Wakuu wa komuni yetu, mtaa huu wa Mangobo hapa Kisangani. Mapadri na wachungaji. Ndugu zetu wavuvi mliopanda kutoka kwenye maporomoko. Wafanyabiashara wa soko. Na ninyi nyote mliofika kwa miguu au juu ya toleka, baiskeli zetu za kubeba watu: karibuni.

Sisi wafanyakazi wa Kituo cha Ujumbe cha Mangobo tunakushukuru kwa kuacha ofisi yako, ukapita vizuizi vya askari, ukaja kuketi kwenye viti hivi vya kuazima. Uliuliza kwa nini mwezi uliopita mashine yetu ilizimwa na kuwashwa tena na tena bila ruhusa, na kwa nini mafuta ya jenereta yalikwisha kabla ya wakati. Tungeweza kukujibu kwa mistari miwili. Lakini jibu lina watu ndani yake, na tunaomba utuvumilie tuwataje.

KITUO NA MASHINE YAKE

Mabomu ya mwaka elfu mbili yalipokoma, kila nyumba hapa Mangobo na kule mtaa wa Tshopo ilikuwa na mtu inayemtafuta. Wengine walikimbilia msituni, wengine walishika njia ya kwenda mji wa Opala, na vita vikafunga njia hiyo nyuma yao. Mtumbwi haukupita, barua haikupita. Redio peke yake ilipita. Ndipo Papa Hubert, fundi wa simu wa zamani, alipokusanya watu wachache kwenye nyumba hii, akafunga redio ya masafa marefu, ile tunayoiita foni, na wengine tukamfuata.

Kusema kwa sauti redioni kumekatazwa, kama unavyojua. Kinachoruhusiwa ni maandishi, yaweze kukaguliwa. Kwa hiyo mwenzetu wa Opala, Nephtali, huandika ujumbe kwenye mashine yake, redio yake huutuma kama mlio wa nyenje, na mashine yetu hapa husikiliza mlio huo na kuugeuza kuwa herufi. Tena kuna agizo kwamba kila ujumbe uchapwe papo hapo unapoingia, nakala mbele ya mkaguzi, huku makarani wakiendelea kuandika ujumbe wa kwenda. Hatulaumu agizo. Tunaeleza kazi ilivyo.

Mashine yenyewe tuliachiwa na kampuni ya mbao iliyofunga milango. Ni kubwa na nzito. Kwa muda mrefu tuliipenda bila kuijua.

ILIVYOMPATA MAMA PÉLAGIE

Mama Pélagie ni mshonaji wa hapa Mangobo. Mume wake, Célestin, aliondoka na wakimbizi na hakusikika tena. Siku moja ujumbe unaomhusu ukaingia wakati printa inaunguruma na makarani wote wanaandika. Herufi nyingine zilidondoka, kama zilivyozoea kudondoka. Karatasi ikatoka hivi:

CELESTIN ALI...A OPALA

Mstari uliofuata ulikuwa nukta tupu.

Mgeni rasmi, jaribu mwenyewe kuziba nafasi hizo tatu. Ukiweka herufi hizi, Célestin alifika Opala. Ukiweka zile, Célestin alikufa Opala. Neno linabaki na urefu uleule.

Tulimwomba Nephtali arudie. Alirudia, na karatasi ikatoka na matundu zaidi. Wakati huo kaka yake Célestin, tonton Alphonse (tonton kwetu ni baba mkubwa), alikuwa ameshasoma ile ya kwanza kwa macho ya mtu aliyezika wengi mwaka ule. Alisoma alikufa. Matanga yakawekwa. Mama Pélagie akaketi kwenye mkeka, na ukoo ukapanga kukutana Jumamosi ili kugawa vitu vya marehemu na kuamua watoto wakae kwa nani. Cherehani yake ilikuwa imeshahamia nyumbani kwa tonton Alphonse, kwa sababu ilinunuliwa na Célestin.

KANYERE

Mwenzetu Kanyere ni binti wa wafanyabiashara wa vitenge waliotoka Butembo. Alisoma informatique, elimu ya kompyuta, hapa mjini mpaka masomo yalipofungwa, ndipo akaja kwetu. Si mtu wa maneno mengi. Lakini siku ile matanga yalipowekwa alishindwa kula, na alasiri akaenda kwa tonton Alphonse kumwomba asogeze kikao.

Tonton Alphonse alimpokea vizuri, akampa kiti.

"Mwanangu, sisi tulisoma yenye mulituletea. Karatasi ilisema alikufa."

"Tonton, karatasi haikusema. Ilikuwa na matundu tatu."

"Bon. Na nani atajaza matundu? Wewe?"

"Nephtali atajaza. Munipe tu wakati."

"Wakati!" alisema yule mzee, na sauti yake ikapungua. "Kila mutu anaomba wakati. Nilingojea mudogo wangu wa pili hivyohivyo, nikangojea mpaka wakanionyesha kaburi. Jumamosi ni Jumamosi."

Kanyere alirudi kituoni amekasirika, lakini hakumkasirikia mzee. Aliona kwamba mtu aliyechoka kungoja hawezi kuombwa angoje bila kupewa kitu mkononi. Akaketi mbele ya mashine, akaiwasha upya, na safari hii akasoma mistari yote inayopita kwenye skrini wakati wa kuamka, ile ambayo sisi huiacha ipite. Kisha akaizima, akafungua ubavu wake, akaangalia ndani na taa.

"Papa Hubert, kuja kuona. Mashine iko na prosesa mbili."

"Alors?"

"Alors iko natumia moja. Ile ya pili imelala tangu ikuje hapa. Hakuna mutu aliiamsha."

Mgeni rasmi, tunaomba tueleze jambo hili polepole, kwa maana sisi wenyewe tulielezwa polepole. Prosesa ndiyo inayofanya hesabu zote za mashine. Yetu ilikuwa ikifanya kila kitu peke yake: inasikiliza mlio wa Opala, inalisha printa, inapokea vidole vya makarani. Mlio wa redio haungoji. Prosesa ikigeuka kidogo kuihudumia printa, herufi inapita na haitarudi. Na ya pili haikuweza kusaidia kwa sababu kiini cha mfumo, ambacho wasomi wetu wanakiita noyau, kilikuwa kimejengwa kwa ajili ya prosesa moja. Kiini cha namna hiyo hata hakijui kuwa kuna nyingine ya kutuma kazi.

Dawa ilikuwa kukijenga upya. Mfumo wetu ni Linux, na maandishi yake ya asili yalikuwemo kwenye diski. Mtu anafungua orodha ndefu ya maswali, na kila swali analijibu ndiyo, au hapana, au anasema kifaa hiki kiwe kipande cha pembeni, kinachopakiwa kikihitajika. Mashine ikishapata majibu, inajenga kiini kutokana nayo. Kazi hiyo hula asubuhi nzima, na umeme wa bwawa la Tshopo, kama unavyojua, huja na kuondoka unavyopenda.

"Na ikikataa kuamuka?" aliuliza Papa Hubert. "Watu wa Mangobo watanichoma ndani ya hii nyumba."

"Kiini cha zamani sikifuti, papa. Nitakiacha pembeni ya kipya. Kipya kikikataa, ninachagua cha zamani, tunaendelea na kazi."

Papa Hubert akatazama foleni ya watu mlangoni. "Basi. Anza."

KAZI ILIVYOKWENDA

Kanyere alijibu ndiyo kwenye swali la prosesa nyingi. Kwenye swali la aina ya prosesa alichagua iliyo mpya kuliko zote kwenye orodha, akidhani mpya ndiyo yenye mbio. Kiini kikajengwa, mashine ikawashwa, ikaandika mstari mmoja, ikanyamaza. Ilikuwa imepewa maagizo ambayo prosesa zetu, ambazo ni za zamani, hazikufundishwa. Alirudisha kiini cha kale, akasoma upya namba zilizoandikwa kwenye prosesa zenyewe, akachagua aina iliyo sawa, akajenga tena. Hapo ndipo mashine ilipozimwa na kuwashwa tena na tena.

Safari hii iliamka. Kwenye skrini prosesa zikatajwa zote mbili, moja baada ya nyingine. Makarani walipiga makofi. Kanyere hakupiga, kwa sababu alikuwa ameshavaa visikilizio masikioni na hakusikia kitu. Kadi ya sauti, ambayo ndiyo sikio la mashine, ilikataa kupakiwa.

"Tulikuwa na mashine yenye kichwa kimoja inayosikia," alisema karani mmoja. "Sasa tuko na ya vichwa mbili, na ni kiziwi."

Watu walicheka. Kanyere alitoka nje, akasimama nyuma ya nyumba karibu na jenereta, akalia kidogo, kisha akafikiri. Kadi ya sauti ilikuwa kipande cha pembeni. Kiini alikijenga upya, lakini vipande vya pembeni aliviacha vilevile, vilivyotengenezwa kwa kiini cha prosesa moja. Kiini chenye prosesa mbili kina namna nyingine ya kufunga milango yake, ili prosesa hizo zisishike kitu kimoja kwa wakati mmoja zikakiharibu. Kipande kisichojua milango hiyo hakikubaliwi kuingia. Ilibidi kufuta yote yaliyojengwa, na kujenga tangu mwanzo, kiini na vipande pamoja.

Umeme ukakatika.

Ilikuwa Ijumaa asubuhi na mapema, na kikao cha ukoo kilikuwa kesho yake. Mafuta yaliyobaki ya jenereta yalikuwa ya kuendeshea redio hadi mgao mwingine. Kama yangetumika na kazi ikashindikana, kituo kingekaa kimya, na watu wa foleni wangerudi mikono mitupu. Papa Hubert alituita wote. Hakutoa amri. Alisema, "Semeni." Philomène, mkubwa wa makarani, ambaye mwanawe pia anatafutwa njia hiyohiyo, ndiye aliyejibu: "Karatasi ya matundu haiko habari. Iko ugonjwa. Wekeni mafuta." Wote tulikubali. Ndiyo sababu, mgeni rasmi, mafuta yalikwisha kabla ya wakati, na hatumwachii mtu mmoja jukumu hilo.

Jenereta ilinguruma asubuhi yote. Kanyere hakuondoka kwenye kiti. Alasiri, saa ya Opala ilipofika, mkaguzi alikuwa ameketi mahali pake, printa ikawashwa, makarani wakaambiwa waandike kwa nguvu kuliko kawaida. Nyenje wa Nephtali wakaanza kulia, na herufi zikashuka kwenye karatasi, mstari baada ya mstari, bila tundu. Kanyere akamwandikia arudie ujumbe wa Célestin. Nephtali akaandika:

CELESTIN ALIFIKA OPALA. MUGUU IMEVUNJIKA HAWEZI KUTEMBEA. ANAOMBA PELAGIE ASIUZE CHEREHANI.

Mkaguzi wako mwenyewe alisoma kwa sauti, kisha akavua kofia.

Papa Hubert na Kanyere walipeleka karatasi kwa tonton Alphonse kabla ya jioni. Aliisoma akiwa amesimama. Akaisoma tena. Halafu akaketi chini kwenye kizingiti, mzee mzima, akasema, "Mudogo wangu iko muzima, na mimi niko nagawa nguo zake." Kisha akainuka. Yeye mwenyewe aliifunga cherehani juu ya toleka, akaisukuma hadi mlangoni kwa Mama Pélagie, akapiga magoti. Mama Pélagie alikunja mkeka. Hakusema kwamba amesamehe, na hatutamsemea hapa. Alisema tu, "Tonton, simama, kazi ya kushona iko nangoja."

MATUNDA NA MATATIZO

Tangu siku hiyo ujumbe wa Opala huingia mzima. Familia nyingine tulizokuwa tumezipa karatasi zenye matundu tumeziita, tumerudia ujumbe wao mmoja mmoja. Si zote zilizopata habari njema. Wako waliotumaini na wakasoma alikufa, wazi kabisa, bila shaka yoyote. Hao nao walitushukuru, na shukrani hiyo ilikuwa nzito kuibeba.

Matatizo yapo. Umeme ni ule tuliokwisha kuutaja. Mafuta ni haba. Betri ya Nephtali imechoka.

MAOMBI YETU

Mgeni rasmi, kwanza tunaomba mgao wa mafuta, uliosimamishwa kwa sababu ya yote haya, urudishwe.

Pili, tumesikia kwamba ofisi ya mjini ingependa kuichukua mashine hii, kwa kuwa sasa inajulikana ni yenye nguvu. Hatubishani na ofisi. Ila Kanyere yuko tayari kuja kuzitazama mashine zenu za huko, kwa kuwa inawezekana nazo zina prosesa iliyolala, na kuzijengea kiini kipya bila malipo. Hii ya Mangobo iacheni isikilize.

Ombi la tatu lilitugawa. Wengine tulisema halihusu mawasiliano, litakukera na kuharibu yale mawili. Mama Pélagie anaomba kibali cha kuteremka hadi Opala kumchukua mume wake, kwa kuwa mguu wake hauponi na hakuna atakayembeba. Vibali vya njia hiyo hutiwa sahihi na ofisi yako. Tulikaa, tukabishana, mwishowe tukamwita mwenyewe tumweleze kwamba ni afadhali angoje wakati mwingine. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Muandike tu. Kama anakatala, anikatalie mbele ya watu."

Tumeandika. Ndiye yule aliyesimama pale, mwenye kitambaa cha njano, na mzigo wake ameshaufunga.

Mungu akupe macho ya kuona mbali na usingizi usio na deni. Mvua ikukute nyumbani, isikukute njiani, na watoto wako wasitafutwe kwa redio.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Kituo cha Ujumbe cha Mangobo,
Kisangani.