Siku Tuliyolifundisha Birika

Kijiwe chetu ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya makopo ya rangi, nyuma ya jengo refu la ofisi, pale mashine za hewa baridi zinapotemea joto lao. Waheshimiwa hukaa mbele ya jengo, penye maua. Sisi tunakaa nyuma, tunapulizwa migongo. Mama Kahawa ndiye mwenye birika na jiko la mkaa, kwa hiyo ndiye serikali. Kinyozi ana kibanda hapo jirani, na hukata nywele za watu huku masikio yake yako kijiweni, jambo ambalo wateja wake hulijutia wakifika kwenye kioo. Fundi Bomba huziba kila kinachovuja isipokuwa mdomo wake. Mimi nashona viatu na sipendi kelele, ingawa hakuna anayeniamini. Wa mwisho ni Ghorofa, mume wa dada yake Kinyozi. Miaka nenda miaka rudi alikuwa akibonyeza vitufe vya lifti humo ndani, mpaka jengo likawekewa mitambo ya kujiendesha: taa zinajiwasha, hewa inajipooza, lifti inajua yenyewe inakokwenda. Wakamwambia achague, ama aende nyumbani, ama aingie mafunzo na wanagenzi wengine awe mhudumu wa mitambo hiyo. Akaingia. Jioni ninayoisimulia, mafunzo yalikuwa yameisha, na kesho yake asubuhi alikuwa na mtihani wa vitendo: apewe chumba kimoja, akiunganishie mitambo, kitulie, kisiwe cha baridi wala cha joto. Akishindwa, arudishe sare na kazi iishie hapo.

Jioni hiyo alikuja akaketi bila hata salamu.

— Shemeji, mbona uso umenywea hivyo? — Kinyozi akamuuliza.

— Naogopa, — Ghorofa akasema. — Naogopa kweli, sifichi. Naunganisha waya, taa ya kijani inawaka, mwalimu anasema safi. Halafu chumba kinanigeuka. Wakinipa cha ghorofa za chini, kinaganda mpaka meno yanagongana. Wakinipa cha juu kabisa, kinachemka mpaka rangi ya ukuta inatoa harufu. Vyumba vya wenzangu vimetulia tuli, vyangu vina homa.

— Dada yangu anajua?

— Anajua nimefaulu.

— Mtihani si kesho?

— Ndiyo maana naogopa.

— Yaani umemdanganya dada yangu!

— Sijamdanganya, shemeji. Nimemtangulizia habari. Ameshaita na majirani.

Mama Kahawa akaguna, akammiminia kikombe. Kijiwe chetu kina sifa moja: mtu akileta shida, hatumwachi nayo hivi hivi, tunamwongezea.

— Kosa lako unaamini waya, — Fundi Bomba akaanza. — Waya ni mapambo. Ndani ya dari kuna mtu. Mfupi, mkimya, hana ndugu. Akisikia joto anafungua, akisikia baridi anafunga.

— Umewahi kumwona? — nikamuuliza.

— Mwenye macho haambiwi tazama.

— Kwa hiyo umemwona?

— Sijamwona. Ndiyo maana nasema ni mkimya. Sasa huyo mtu anapanda ngazi, lifti si yake. Chini anakuwa bado hajatoka jasho, kwa hiyo chumba baridi. Akifika juu ameshatweta, chumba joto. Hesabu nyepesi hiyo.

— Acha uongo, — Kinyozi akasema. — Jengo linapima vichwa. Likiona nywele nyingi linajua watu wana joto, linaongeza ubaridi. Ndiyo maana yule bosi mwenye upara kila siku anashinda na koti. Jengo halimwoni.

— Chumba cha mtihani hakina watu, — Ghorofa akasema.

— Basi kina upweke! Hiyo si homa, shemeji, hayo ni majonzi.

Mama Kahawa akachochea jiko.

— Nyote mmepotea. Jengo lile limeachishwa ziwa mapema. Juzi tu lilikuwa likifunguliwa madirisha na watu, likifagiliwa, likipigiwa soga. Leo mnaliambia lijitegemee. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Vyumba vyako vinadeka, mwanangu.

— Na mimi nawaambia, — Fundi Bomba akarudi, maana hakubali kupitwa, — hakuna anayelifundisha jengo. Jengo ndilo linalofundisha watu. Mtu akisimama mlangoni, sharti asogee ndipo afunguliwe. Akitulia chooni, taa inazimika, anapunga mikono gizani kama anayeaga meli. Nani kamfundisha nani hapo?

Nikaona maneno hayo yana ukweli, na ilinisumbua, kwa sababu yalitoka kwa Fundi Bomba. Ghorofa alikuwa akimkubalia kila mmoja kwa kichwa, kama mgonjwa aliyefika mahali pa kunywa dawa yoyote.

— Mwalimu wetu yeye anasema mambo ni matatu tu, — akasema kinyonge. — Kuna kihisi, kazi yake kusema hali ya joto. Kuna ubongo, unaamua. Na kuna wa kutenda: vali inayofungua maji baridi, na feni.

— Basi si watu hao wapo hapa? — Mama Kahawa akasema. — Tukufundishe sisi. Birika ndilo chumba.

Hapo ndipo tulipoingia wazimu, na kwa moyo mmoja. Kinyozi akafanywa kihisi, kwa kuwa ana vidole vyepesi. Fundi Bomba akapewa jagi la maji, akawa vali. Mama Kahawa akachukua kipande cha boksi cha kupepea mkaa, akawa feni. Ghorofa akasimama katikati, ndiye ubongo.

— Na mimi? — nikauliza.

— Wewe mpangaji, — Mama Kahawa akasema. — Kazi yako kuonja na kulalamika.

Sikuhitaji mafunzo.

— Kihisi, sema! — Ghorofa akaamuru.

Kinyozi akagusa birika.

— Yalaa!

— Yalaa ndiyo ngapi?

— Moto mbaya!

— Mbaya kiasi gani, shemeji?

— Kama mama alipokukuta umelala mchana.

Ghorofa akashtuka, maana huyo mama ni mkwewe.

— Vali, fungua!

Fundi Bomba hakusogea.

— Naombwa au naamrishwa?

— Vali haiombwi, fundi.

— Basi tafuta vali nyingine. Mimi nimeanza kushika mabomba wewe ukiwa hujui lifti ni nini. Heshima si utumwa, bwana.

— Tafadhali, fundi wangu, fungua.

— Hapo sawa. Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge, — akasema, akamimina nusu ya jagi ndani ya birika.

Nikaonja.

— Baridi! Haya ni maji ya kunawia.

— Feni! — Ghorofa akapaza sauti.

Mama Kahawa akapepea kwa nguvu za mtu anayefukuza nyuki. Majivu yakaruka yote usoni kwa Kinyozi.

— Kihisi, sema!

— Sioni!

— Kwani unapima kwa macho?

— Jicho likiuma, kidole nacho kinakosa raha.

— Sema basi hali ikoje!

— Moto.

— Mbona hujagusa?

— Niligusa mara ile. Sijabadili msimamo.

Vali ikaombwa, ikamimina. Nikaonja, baridi. Feni ikapepea, kifuniko kikaanza kucheza. Nikaonja, nikaungua. Vali ikasema safari hii inataka iombwe kwa jina lake kamili. Ikaombwa. Baridi tena. Feni ikalalamika bega. Tukaendelea hivyo mpaka kahawa ikapauka, na tumbo langu likawa linacheza kama kiriba, na bado nikiambiwa onja, mpangaji, onja.

Ghorofa akaketi, akajishika kichwa.

— Mmeona? Hivi hivi ndivyo vyumba vyangu. Kesho watanivua sare mbele za watu. Nitamwambia nini mke wangu, na majirani wameshaitwa?

Kila mmoja wetu aliumia kwa namna yake, na kwa kuwa hatujui kuumia kimya, tukaanza kulaumiana.

— Kosa la kihisi, — Fundi Bomba akasema. — Kinaongea kwa mazoea.

— Kosa la vali, — Kinyozi akajibu. — Ina majivuno.

— Kosa la mpangaji, — Mama Kahawa akasema. — Hana shukrani.

Wakanigeukia wote. Nikasema nimelalamika kama nilivyoagizwa.

Fundi Bomba akapiga goti lake.

— Nimepata! Kesho hatumwachi peke yake. Tunaingia alfajiri, tunapanda darini. Kinyozi na kidole chake, mimi na jagi langu.

— Na mimi na boksi, — Mama Kahawa akasema. — Umoja ni nguvu.

— Na yule mtu mfupi tutamweka wapi? — Kinyozi akauliza.

— Tutabanana naye. Penye wengi hapaharibiki neno.

Ghorofa, masikini, akauliza kama dari litawabeba wote. Hapo nikajua ameshakata tamaa kabisa.

Wakati huo dada mmoja tusiyemjua, ana kikapu begani, alikuwa amesimama pembeni akingoja kahawa. Tulikuwa hatujamwona kwa sababu ya majivu.

— Hamjambo? — akasema.

— Hatujambo, mwanangu, karibu, — Mama Kahawa akamwitikia.

— Nimesimama hapa muda. Mnamwaga maji, mnapepea, mnamwaga, mnapepea. Samahani, kwani mlikuwa mnataka iwe ya moto kiasi gani?

— Ya kawaida, — Fundi Bomba akasema.

— Kawaida ya nani? — Mama Kahawa akamuuliza.

— Mimi huinywa ikichemka, — akasema Kinyozi.

— Mimi vuguvugu, nina jino bovu, — nikasema, na nikashangaa, maana muda wote nimelia baridi, nimelia moto, na hakuna aliyeniuliza ninataka nini.

Ghorofa alikuwa amesimama polepole.

— Kuna mahali, — akasema, — kabla ya yote, mashine inadai namba. Bila kuipa namba haianzi.

— Na wewe huipa namba gani? — yule dada akauliza.

— Ghorofa.

— Ghorofa gani?

— Tuliyopo. Nikiwa ya nne, naandika nne. Nikiwa ya thelathini na nane, naandika thelathini na nane. Mashine iliyomo ndani ya jengo itake namba gani nyingine?

Kinyozi akafuta majivu machoni ili amwone vizuri mume wa dada yake.

— Na wenzako huandika ngapi? — nikamuuliza.

— Wote ishirini na mbili. Hata wakiwa ghorofa ya tatu! Mimi nilikuwa nawaonea huruma. Nikasema hawa watoto wa watu hawajawahi kupanda lifti, hawajui hata walipo.

Mama Kahawa akaketi chini, boksi mkononi.

— Mwanangu, — akasema taratibu, — na hicho chumba cha kesho, kiko ghorofa ya ngapi?

Ghorofa akatazama juu, akahesabu madirisha kwa macho, kazi anayoijua kuliko wote waliomo humo ndani.

— Ya ishirini na mbili.

Kinyozi akaruka, akamkumbatia. Fundi Bomba akatangaza kwamba yeye alijua tangu mwanzo, na kwamba mpango wa dari sasa umeahirishwa. Mimi mwenyewe nilipiga makofi, na viatu vya mteja vikaanguka kutoka mapajani.

Yule dada peke yake hakushangilia. Alikuwa amekunja uso akifikiri.

— Sasa kesho akiandika ishirini na mbili, — akauliza, — mwalimu atajuaje kama ameandika nyuzi za joto au ghorofa?

Fundi Bomba, mwenye methali ya kila jambo, akachungulia ndani ya jagi. Mama Kahawa akainamisha birika ammiminie mgeni, likatoa machicha matupu. Ghorofa akacheka, mara ya kwanza siku hiyo, akavaa koti lake la sare na kwenda nyumbani kwa mkewe.