Siku Chokaa Iliponiingia Machoni

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Nyinyi wa viti vya mbele nimewasikia. Na nyinyi wa huko karibu na mlango, Bwana asifiwe! Amina. Sasa najua tuko pamoja.

Mimi naitwa Nekesa. Baba yangu mnamjua, ni yule mzee wa ng'ombe anayekaa nyuma ya soko letu hapa Kamukuywa. Ameketi pale ananikazia macho ili nisimtaje. Baba, leo nitakutaja! Siwezi kusimama hapa nishuhudie halafu nikuache nje.

Ndugu zangu, kabla sijarudi hapa nyumbani nilikuwa msanii huko Kitale. Sikuwa nimeandikwa kazi na mtu. Nilikuwa nimepanga chumba mtaa wa Tuwan, na asubuhi nilifunga brashi zangu kwa leso, nikabeba makopo ya rangi, nikatembea hadi Matisi kutafuta ukuta. Mtu mwingine akipita mtaani anaona maduka. Mimi naona maandishi yaliyofifia. Naingia, nasalimia, namwambia mwenye duka, "Mama, jina la duka lako limechoka, si nikuandikie upya?" Wengine walinipa kazi, wengine walinipa chai, na wengine walinifukuza kama mtu wa kukagua leseni.

Nilichora vichwa vya wanawake wenye nywele za kusuka kwenye saluni. Nilichora samaki, viatu, magurudumu, chupa za soda. Niliandika majina ya marehemu kwenye misalaba, na hiyo kazi niliifanya polepole sana, nikimwombea kila niliyemwandika. Mwenye bucha mmoja aliangalia ng'ombe niliyemchorea akatikisa kichwa. Akasema, "Huyu anakaa na huzuni, bana. Mpatie uso wa furaha." Ng'ombe wa bucha, ndugu zangu, awe na furaha! Nikampatia. Watu wa Matisi wakawa wanapita hapo wakicheka, na bucha ikajaa.

Niliipenda kazi hiyo, sitawadanganya. Lakini mapenzi hayazuii mvua. Msimu wa mvua ukifika hakuna anayepaka ukuta, na mabango ya plastiki ya kuchapisha yalikuwa yameanza kuchukua wateja wetu. Nikaamua kutafuta kazi ya kudumu. Niliingia kwa wachapishaji, niliingia shule, niliingia maofisi. Kila mahali ni maneno yaleyale: "Acha makaratasi hapo, tutakupigia." Simu yangu nilikuwa naichaji na kuibeba kama mtoto mchanga. Haikulia.

Aliyekuwa ananipigia ni Baba. Kila Jumapili ibada ikiisha, simu inaita. Ananiita mama, kwa sababu nimebeba jina la mama yake.

"Mama, umekula?"

"Nimekula, Baba."

"Na ile kazi ya kueleweka, umepata?"

Kazi ya kueleweka! Hilo ndilo jina alilolitumia. Hakuwahi kunikaripia wala kuidharau sanaa yangu, hapana. Ila watu wakimwuliza binti yake anafanya nini Kitale, alikuwa anajibu, "Yuko kwa mambo ya rangi," halafu anageuza mazungumzo kwa haraka aongee habari za mahindi. Hakuielewa. Angewezaje kuieleza?

Basi shule moja ya Kitale ikanipigia. Ndiyo, ilipiga! Walikuwa wanatafuta mwalimu wa sanaa, wakaniita kwa mahojiano. Niliruka juu pale kwenye ploti yetu ya vyumba vya kupanga mpaka jirani yangu akatoka mbio akidhani ni nyoka. Huyo jirani ni Mama Zuhura, mwanamke Mwislamu, mpishi wa chapati, na rafiki yangu wa dhati. Alinikumbatia na mikono yake ya unga. Akasema, "Nilijua! Na hiyo gauni ya kijani ndiyo utavaa, usibishane na mimi."

Ndugu zangu, nilikuwa nimeishika ile kazi kwa mikono miwili moyoni mwangu.

Siku chache kabla ya mahojiano, nilikuwa Matisi, kwenye duka moja karibu na kibanda cha chapati cha Mama Zuhura. Mwenye duka alitaka ukuta upakwe chokaa kwanza ndipo nichore juu yake. Wanaojua chokaa ya mawe wanajua kwamba ukiitia maji huwa inachemka. Niliinama kuikoroga. Ilichemka na kuruka, ikaniingia machoni. Yote mawili!

Sijui niwaambie nini juu ya ule uchungu. Nilipiga mayowe. Watu wakakusanyika, mmoja anasema nisuguliwe kwa kitambaa, mwingine anasema niletewe maziwa, na mimi naanguka huku na huku kama kuku. Ndipo nikasikia sauti ya Mama Zuhura: "Tokeni! Mwacheni apumue!" Ilikuwa saa ya adhuhuri, alikuwa ameteka maji ya kutawadha. Alinilaza chini, akafungua jicho langu kwa vidole vyake, akamimina. Birika likaisha, akachukua mtungi. Mtungi ukaisha, akaitisha mwingine kwa jirani. Alikuwa analia na kumimina, analia na kumimina, na hakuacha mpaka tulipopata gari la kunipeleka hospitalini.

Daktari aliyenipokea aliuliza, "Nani alikumwagia maji?" Mama Zuhura akajibu kwa woga, akidhani amekosea, "Ni mimi, daktari. Sikujua la kufanya, nikaona tu moto huzimwa kwa maji." Daktari akanifungua macho akayachunguza. Akasema, "Mama, wewe ndiye umetuachia kitu cha kutibu."

Bwana asifiwe! Mungu wetu hakungoja mpaka nifike kwa daktari ndipo aanze kazi. Alikuwa amemweka mtu wake pale kando, na maji yakiwa tayari!

Lakini macho yalikuwa yameungua. Walinitia dawa, wakanifunga bandeji yote mawili, na nilipouliza kama nitaona tena, daktari alisema, "Tungojee." Siku ya mahojiano ikafika nikiwa kitandani gizani. Mama Zuhura aliwapigia wale watu wa shule akawaeleza. Walinipa pole, na walikuwa wakweli katika pole yao, lakini wanafunzi hawangoji. Nafasi ikapewa mwingine.

Baba akaja. Nilimjua kwa harufu ya moshi kwenye koti lake kabla hajaongea. Alinishika mkono akakaa. Halafu akasema, "Mama, twende nyumbani."

Ndugu zangu, mnaomwona huyu mzee, mnamwona na ng'ombe na fimbo. Mimi nawaambia habari zake jikoni! Mama yangu alitangulia mbele za haki zamani, kwa hiyo Baba ndiye alinipikia. Ugali wake ni mgumu, Mungu amsamehe. Lakini alikuwa ananiambia, "Mboga iko upande wa kulia, maziwa yako mbele yako, usiyamwage." Alinipeleka bafuni hadi mlangoni, kisha anageuka na kuimba kwa sauti kubwa, ili nijue yuko mbali na hanioni. Hakuna mwanamume mwenye heshima kama hiyo!

Mchana alipoenda shambani, nilibaki na hofu yangu. Nilikuwa nasema, Bwana, kama nilikuwa nakuudhi ungechukua mguu. Mchoraji unamnyang'anya macho? Nilikuwa sitaki kusali na mtu. Senge yangu, yaani shangazi, akija kuniombea, nilikuwa najifanya nimelala.

Asubuhi moja Baba alinitoa nje akanikalisha kwenye kiti. Nikamwuliza, ili tu nisikae kimya, "Mlima unaonekana leo?"

"Elgon? Uko."

"Uko namna gani?"

"Si uko tu! Ni mlima. Utaenda wapi?"

Nilicheka, mara ya kwanza tangu niungue. Nikamwambia, "Baba, niambie rangi."

Akasema, "Ni bluu. Hapana, ngoja. Chini ni bluu. Hapo juu ni kama ngozi ya yule ndama wetu wa kijivu. Na kuna mahali jua limegusa, hapo sina jina lake."

"Ni kama nini?"

"Kama… kama ndani ya ndizi mbivu."

Ndugu zangu, niliuona ule mlima! Nikiwa na bandeji zile, niliuona!

Tangu siku hiyo ikawa kazi yetu. Akirudi na ng'ombe ananiletea habari. Leo matope ya mtoni ni mekundu, jana yalikuwa ya kahawia. Kivuli cha mti hakikuwa cheusi, mama, nimekiangalia sana, kina zambarau ndani yake! Na mara moja alirudi akiwa anapumua kwa nguvu, akakaa karibu nami. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Nekesa," akasema. Aliniita jina langu. "Nimeamka chini ya huu mlima maisha yangu yote. Sikujua kwamba unabadilika. Hivi ndivyo wewe huona kila siku?"

"Ndivyo, Baba."

"Na mimi nilikuwa nawaambia watu uko kwa mambo ya rangi tu."

Akalia. Mzee mzima! Na mimi nikalia, ingawa daktari alikuwa ameniambia nisilie. Hapo ndipo moyo wangu ulifunguka. Nilisali kwa sauti, yeye akisikia: "Bwana, hata usiponirudishia macho haya, nakushukuru. Baba yangu ameniona." Ndugu zangu, ile hofu iliyokuwa imenikaa kifuani iliondoka kama mtu aliyeagizwa atoke. Bandeji ilikuwa bado. Sikujua nitaona au sitaona. Lakini nilikuwa huru! Wokovu wangu nauhesabu kutoka pale kwenye kiti, kabla ya daktari kunifungua.

Sasa Baba akataka kuchora. Alichukua mkaa jikoni, akaanza kumchora ng'ombe kwenye ukuta wa ghala. Mimi nimekaa hapo kipofu, namfundisha. Namwuliza, "Mgongo umenyooka au umeinama katikati? Usiniambie unavyojua, niambie unavyoona." Namwambia asogee nyuma, afumbe jicho moja, apime kichwa kwa urefu wa mkaa. Anabisha. Anafuta kwa kiwiko. Anaanza tena.

Hatukujua kwamba kuna mtu amesimama langoni. Kuna mama mmoja, Madam Nanjala, anayesimamia chuo cha ufundi hapa karibu. Alikuwa amekuja kuchukua maziwa kama kawaida yake. Alisimama akisikiliza mpaka mguu ukamwuma. Halafu nikasikia sauti ya mwanamke ikisema, "Mzee, huyu ng'ombe ni yule mwenye pembe moja fupi!"

Baba akafurahi mno. "Umemjua? Madam, umemjua kweli?"

"Nimemjua. Na wewe mwenye bandeji, ulisomea ualimu wapi?"

Nikamwambia, "Sijawahi kufundisha mtu, Madam. Huyu ndiye mwanafunzi wangu wa kwanza, na ni mkaidi."

Alicheka. Kisha akaongea kwa utaratibu. Akasema chuo chao kimekuwa kikitafuta mtu wa kufundisha uchoraji na uandishi wa mabango, na wote waliokuja walikuwa wanajua kuchora lakini hawajui kumfanya mwingine aone. "Ukipona, uje. Na usipopona," akasema, "bado uje tuongee."

Haleluya! Mimi niliyebisha milango ya Kitale yote, nikiacha makaratasi kila mahali, kazi imekuja yenyewe hadi kwenye boma la ng'ombe, imebeba chupa ya maziwa! Huyo ndiye Mungu wetu. Ana mzaha wa mapenzi.

Siku ya kufunguliwa bandeji Mama Zuhura alikuja hospitalini, akasimama upande mmoja, Baba upande wa pili. Nitawaambia ukweli kama ulivyo. Jicho la kushoto liliona. La kulia lina ukungu mpaka leo, daktari bado analitibu, na mimi bado naliombea. Lakini kwa hilo la kushoto kitu cha kwanza nilichoona ni uso wa Baba, umezeeka kuliko nilivyouacha, na ndevu hazijanyolewa. Nikamwambia, "Baba, umechakaa." Akasema, "Niangalie vizuri kwanza, ndiyo useme." Mama Zuhura akacheka mpaka muuguzi akaja kutunyamazisha.

Sasa nafundisha. Ni kazi ya kueleweka, na Baba anaieleza kwa kila mtu pale sokoni, hata kwa wasiomwuliza. Namshukuru Mungu. Nawashukuru nyinyi kina mama mliotuletea kuni na mboga. Senge, nakushukuru uliyeniombea ukijua kabisa kwamba sijalala.

Ndugu zangu, huenda uko hapa leo na umetembea na bahasha yako mpaka soli imeisha. Unapiga simu hazishikwi. Umeanza kuona aibu kuulizwa, "Siku hizi unafanya nini?" Sijasimama hapa kukwambia uache kutafuta. Tafuta! Amka asubuhi, piga pasi shati lako, uende. Lakini usidhani umesahaulika kwa sababu mlango umefungwa. Sikujua Madam yuko langoni. Sikujua maji yako karibu. Nilikuwa gizani kabisa, na kila kitu kilikuwa kimeshapangwa mahali pake.

Ibada ikiisha usikimbie nje. Njoo hapa mbele, nitakushika mkono tuombe pamoja, hata kama huna maneno. Mwamini huyu Bwana. Aliniona wakati mimi sikuweza kumwona mtu yeyote, na wewe anakuona hapo ulipoketi.